Moto wa Nyumbani na Mtoto Asiyetambuliwa



Katika somo letu la safari hii twataka kukitazama kitabu kimoja cha vijana, ambacho huenda baadhi yetu tumekiona mikononi mwa watoto na wajukuu bila kujua kilichomo. Jina lake kwa Kiingereza ni The Last Olympian, yaani Mwolimpo wa Mwisho. Mtungaji wake ni Rick Riordan wa Marekani, nacho kilitolewa mwaka 2009. Ni kitabu cha tano, tena cha kumalizia, katika hadithi ndefu ya kijana aitwaye Percy Jackson. Cha kwanza kilitoka mwaka 2005, na kila mwaka baada ya hapo kikafuata kimoja. Vitabu viwili vya mwanzo vilifanywa sinema, mwaka 2010 na 2013, na mwaka 2023 hadithi hiyo ilianza kuonyeshwa katika televisheni.

Wazazi huuliza: Je, yafaa mtoto wa nyumba ya Kikristo asome hadithi za miungu ya Wayunani? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Lakini tukiishia hapo tutakuwa hatujakisoma kitabu chenyewe. Jambo kubwa la kitabu hiki ni watoto ambao wazazi wao hawakuwatambua, na vita vilivyotokea kwa sababu hiyo. Jambo hilo si la Wayunani peke yao wala la Wamarekani. Limo katika nyumba zetu na katika parishi yetu.

1. MTUNGAJI NI MWALIMU

Riordan alizaliwa mwaka 1964 mjini San Antonio, katika jimbo la Texas. Kabla ya kujulikana kwa utungaji alifundisha Kiingereza na historia kwa miaka ipatayo 15. Alikuwa na mwana aliyepata shida shuleni. Mtoto huyo alikuwa na disleksia, yaani ile shida ya kusoma ambayo humfanya mtoto mwenye akili timamu achanganywe na herufi. Tena alikuwa hawezi kutulia wala kukaza fikira mahali pamoja. Alichokipenda katika masomo yake ni hadithi za Wayunani wa kale, basi baba akawa anamsimulia hadithi hizo kabla ya kulala. Zilipokwisha, mtoto akaomba atungiwe mpya.

Hapo ndipo alipozaliwa Percy Jackson. Katika hadithi, Percy ni mtoto anayefukuzwa shule moja baada ya nyingine, naye hudhani yeye ni mzito wa akili. Akiwa na umri wa miaka 12 agundua kwamba baba yake ni Poseidon, mungu wa bahari. Aambiwa kwamba herufi humchezea kwa sababu macho yake yameumbwa kusoma Kiyunani cha kale, na kwamba hatulii kwa sababu mwili wake u tayari kwa vita.

Sisi tuliopata kushika chaki twajua uzito wa jambo hili. Katika kila darasa hukaa mtoto mmoja nyuma, karibu na dirisha, ambaye daftari lake limejaa wino mwekundu. Ni rahisi kumwita mvivu. Riordan alimtungia mwanawe hadithi ambamo mtoto wa namna yake ana nafasi na ana kazi ya kufanya. Kwa hiyo vitabu vyote hivi vilianza kwa mzazi kumtambua mtoto wake jinsi alivyo. Tulishike neno hilo, kutambua, maana ndilo ufunguo wa kitabu cha mwisho.

2. WAYUNANI WALIVYOSIMULIA

Ili tukielewe kitabu hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mshairi Hesiod, aliyeishi karibu miaka 700 kabla ya Kristo, alieleza ukoo wa miungu ya Wayunani. Asema kwamba Ouranos, ambaye ni mbingu, aliwachukia watoto wake, akawaficha tumboni mwa ardhi wasione mwanga. Mwanawe Kronos akampindua. Lakini Kronos naye alipoambiwa kwamba mmoja wa watoto wake atampindua, akawa anawameza kila walipozaliwa: Hestia, Demeter, Hera, Hades na Poseidon. Wa sita, Zeus, aliponea chupuchupu, kwa sababu mama yake alimficha katika kisiwa cha Krete, na Kronos akapewa jiwe lililoviringishwa katika nguo za mtoto. Zeus alipokua, Kronos alifanyiwa hila hata akawatapika wote. Ndipo vikatokea vita vya miaka 10 kati ya miungu hiyo vijana na kizazi cha Kronos kiitwacho Matitani. Na Zeus mwenyewe, baada ya kushinda, alimmeza mkewe Metis kwa kuogopa mtoto wa kiume atakayezaliwa naye.

Msomaji ataona kwamba ukoo huu una ugonjwa mmoja unaorithiwa. Baba amwogopa mtoto, kwa hiyo amwondoa machoni pake. Mtoto akikua ampindua baba, kisha naye afanya yale yale aliyofanyiwa.

Sasa tumtazame Hestia, mungu wa kike wa moto wa nyumbani. Alizaliwa wa kwanza, akamezwa wa kwanza, akatapikwa wa mwisho. Kwa hiyo Wayunani walimwita mzaliwa wa kwanza na wa mwisho pia. Hana hadithi za vita wala za mapenzi. Poseidon na Apollo walipomposa alikataa wote wawili, akaapa kukaa bila kuolewa, naye Zeus akampa mahali pa katikati ya nyumba. Katika karamu Wayunani walimmiminia divai yeye mwanzo na yeye mwisho. Kila mji ulikuwa na jiko lake la hadhara, na watu walipohama kwenda kujenga mji mpya ng'ambo walichukua moto kutoka jiko la mji waliotoka. Mwanafalsafa Plato asema kwamba miungu mingine itokapo kwa msafara huko mbinguni, Hestia peke yake hubaki nyumbani.

Tena ilikuwapo desturi moja huko Athene ambayo yahusu sana somo letu. Siku chache baada ya kuzaliwa, mtoto alibebwa na kuzungushwa jiko la nyumba. Desturi hiyo iliitwa Amphidromia, maana yake kukimbia kwa kuzunguka. Kwa tendo hilo mtoto aliingizwa katika nyumba. Kabla yake, baba alikuwa na uwezo wa kumkataa, na mtoto aliyekataliwa aliweza kupelekwa nje na kuachwa. Kwa hiyo moto wa Hestia ulipika chakula, na pamoja na hayo ulishuhudia kwamba mtoto huyu ni wetu.

3. HADITHI YA KITABU YENYEWE

Riordan ametunga kana kwamba miungu hiyo ingali hai, nayo imehamia Marekani. Makao yake ni juu ya jengo la Empire State Building mjini New York. Jengo hilo kwa kweli lina orofa 102, lakini katika hadithi lifti hupanda hadi orofa ya 600. Miungu ingali ikizaa na wanadamu, kisha ikienda zake. Watoto wazaliwao, ambao huitwa nusu-miungu, hukusanywa katika kambi iliyo Long Island. Huko zipo nyumba 12 za kulala, kila moja imewekwa kwa mungu mmoja mkubwa. Mtoto ambaye mzazi wake hajamtambua, au ambaye mzazi wake ni mungu mdogo asiye na nyumba, hutiwa katika nyumba ya Hermes. Nyumba hiyo imejaa hata wengine hulala sakafuni, wakingoja ishara kutoka kwa wazazi wao. Wapo waliongoja miaka, na wapo ambao ishara haikuwafikia kamwe.

Kutoka nyumba hiyo ndipo alipotokea Luke Castellan, mwana wa Hermes. Alikuwa hodari kwa upanga na mpole kwa wadogo, lakini moyoni alikusanya hasira. Akaasi, akamfufua Kronos, hata mwishowe akampa mwili wake mwenyewe uwe makao yake. Twapaswa kuiona hila iliyopo hapa. Kronos, yule baba aliyemeza watoto wake, ndiye awaitaye watoto waliotupwa, nao wamfuata kwa wingi. Miungu midogo iliyodharauliwa, kama Hecate na Nemesis, nayo yaenda upande wake. Mtu aliyenyimwa kiti nyumbani kwao hatauliza sana ni nani ampaye kiti ugenini.

Kitabu cha mwisho chaanza Percy akiwa karibu kutimiza miaka 16. Upo utabiri wa zamani kwamba mtoto wa mmoja wa miungu wakubwa atafika umri huo, atafanya uchaguzi mmoja utakaookoa au kuangamiza Olimpo, na kwamba roho ya shujaa itaondolewa kwa kisu kilicholaaniwa. Percy aamini kwamba shujaa huyo ni yeye, yaani siku yake ya kuzaliwa ndiyo siku yake ya kufa.

Ili apate nguvu ya kupigana na Kronos, Percy ashuka kwenye mto Styx, mto wa kuzimu, ajichovye humo kama Achilles. Hadithi ya Achilles kuchovywa katika Styx akishikwa kisigino twaipata kwa mshairi wa Kirumi Statius, wa karne ya kwanza baada ya Kristo, Homer haitaji. Riordan ameongeza sharti moja: lazima kwanza kijana apate baraka ya mama yake. Percy arudi nyumbani kuiomba, na mama yake, Sally, ampa kwa machozi, ingawa hajui vema mwanawe anakwenda kufanya nini. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa maana ya radhi ya mama.

Kisha vita vyaingia mjini. Miungu iko mbali, ikipigana na jitu Typhon, nao mji wa Manhattan umelazwa usingizi. Vijana wachache wa kambi wabaki peke yao kuzilinda njia za kwendea kwenye viti vya wazazi wao, ambao wengi wao hawakuwahi kuja kuwatazama. Prometheus amletea Percy mtungi wa Pandora, ambao ndani yake limebaki Tumaini peke yake. Hesiod naye alisema mtungi. Neno sanduku liliingia baadaye sana, katika karne ya 16, kwa tafsiri ya Erasmus. Prometheus asema: Ukichoka, fungua, Tumaini litoke, nasi tutajua umekubali kushindwa. Percy hafungui. Ampelekea Hestia auweke mtungi, kwa kuwa aona kwamba mahali panapofaa kutunza tumaini ni kando ya moto wa nyumbani.

Huyu Hestia ndiye Mwolimpo wa Mwisho atajwaye katika jina la kitabu. Katika kitabu cha kwanza yumo msichana mdogo akichochea makaa katikati ya kambi, wala hakuna amjaliye. Katika kitabu cha tano ndipo tunapojua ni nani. Alimwachia Dionysus kiti chake cha enzi ili pasiwe na ugomvi, akabaki kuulinda moto wakati wenzake wote wamekwenda vitani. Hapa Riordan ameijenga hadithi yake juu ya jambo la kale, maana orodha za Wayunani za miungu 12 hazilingani: baadhi zina Hestia, na nyingine zina Dionysus mahali pake.

4. WATOTO WAWILI, HASIRA MOJA

Tukiwaweka Percy na Luke bega kwa bega tutaona wanafanana sana. Wote wawili waliachwa na baba. Wote wawili walikasirika. Wote wawili walijichovya katika Styx, na Luke naye alikwenda kwanza kupata baraka ya mama yake. Kwa nini basi mmoja alilinda nyumba na mwingine akaja kuibomoa?

Jibu la kitabu limo katika nyumba zao. Sally Jackson alikuwa maskini, lakini alikuwapo. Kila Percy alipofukuzwa shule alirudi kwa mtu aliyefurahi kumwona. Tena baba yake Poseidon, ingawa alichelewa miaka mingi, alimtambua mbele ya watu wote, na Percy alipotimiza miaka 15 alifika mwenyewe nyumbani kwao.

Mama yake Luke, May, alijaribu kuichukua roho ya utabiri, akaharibikiwa akili. Tangu hapo alipatwa na vipindi vya kutisha, na mtoto alijificha. Luke alipotoroka, mama aliendelea kumwandalia chakula kila siku. Percy afikapo katika nyumba hiyo akuta mikate imerundikana, mingine imeota ukungu, na biskuti zimeungua, na mama angali akimngoja mtoto wake arudi kula. Hermes alijua haya yote. Alijua pia mwisho wa mwanawe utakavyokuwa, lakini alishika sheria kwamba miungu haipaswi kuuingilia mwendo wa mambo yaliyopangwa, akakaa kimya. Luke aliuona ukimya huo kuwa ni kutojali.

Sehemu hii ndiyo bora kuliko zote katika kitabu. Hermes si baba katili. Ampenda mwanawe. Lakini upendo ambao mtoto hauoni wala hausikii haumfai kitu usiku aogopapo. Wako baba wengi wa namna hii, tena si wabaya. Hutuma fedha, huuliza habari kwa watu wengine, na moyoni hujisifu kwamba mtoto wao yu salama. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. May aliachwa peke yake, chungu kikamwagika.

5. KISU NA UCHAGUZI

Mapigano ya mwisho yafanyika katika ukumbi wa viti vya enzi, na moto wa Hestia ukiwaka katikati yake. Annabeth Chase, rafiki wa Percy, ana kisu alichopewa na Luke zamani, alipokuwa mtoto wa miaka saba aliyetoroka kwao. Siku ile Luke alimwahidi kwamba watakuwa jamaa moja, na kwamba hatamwacha. Ahadi hiyo aliivunja. Ndiyo sababu kisu kimelaaniwa.

Annabeth, akiwa ameumizwa, amkumbusha Luke ahadi ile. Neno hilo lafanya kazi ambayo panga hazikuiweza. Luke aamka ndani ya mwili wake mwenyewe, amzuia Kronos kwa nafasi fupi, na amwomba Percy kisu. Hapo ndipo penye uchaguzi ulionenwa na utabiri. Miaka yote Percy amedhani kwamba atachagua namna ya kupigana. Kumbe atachagua kama atamwamini adui yake au la. Ampa. Luke ajichoma mahali pale pamoja ambapo mwili wake waweza kudhurika, na Kronos aangamia pamoja naye. Shujaa wa utabiri alikuwa Luke. Kabla ya kukata roho aomba jambo moja: kwamba watoto wengine wasiachwe bila kutambuliwa kama walivyoachwa yeye na wenzake.

Hapa mzazi au mwalimu asomaye pamoja na kijana asipite haraka. Kijana mwenye uchungu moyoni aweza kudhani kwamba kufa ndiko kulikomwondolea Luke aibu yake. Tumweleze wazi kwamba kilichomtukuza Luke ni kurudi upande wa jamaa zake. Kifo chake ni hasara, na kitabu chenyewe chakiona hivyo, maana Hermes alia. Kama Luke angaliambiwa mapema neno aliloambiwa na Annabeth mwishoni, angaliishi.

6. OMBI LA PERCY

Baada ya ushindi miungu yakutana, na Zeus ampa Percy zawadi ambayo hajapewa mtu kwa muda mrefu: awe mungu, asife kamwe. Zamani Herakles alipokea zawadi ya namna hiyo. Odysseus, katika utenzi wa Homer, aliahidiwa na Calypso kutokufa, akakataa ili arudi nyumbani kwa mkewe. Percy afuata njia ya Odysseus. Akataa.

Badala yake aomba mambo haya. Kwanza, miungu iape kwa mto Styx kwamba itawatambua watoto wake wote wafikapo umri wa miaka 13. Pili, watoto wa miungu midogo nao wapewe nyumba zao kambini, na Hades, aliyetengwa na ndugu zake, awe na nyumba pia. Tatu, wale wa jamii ya Matitani wasiokuwa na hatia, kama Calypso, wasamehewe.

Hebu turudi kwa Hesiod. Ouranos aliwaficha watoto wake, Kronos aliwameza, na Zeus alimmeza mke. Kila mara mtoto aliposhinda alikalia kiti cha baba, na ugonjwa ukaendelea. Katika kitabu hiki mtoto ameshinda, kiti kiko mbele yake, na hakikalii. Aomba wadogo zake watajwe majina. Kwa njia hiyo ugonjwa wa ukoo wapata dawa, na dawa yenyewe ni ile iliyokuwa ikifanyika katika nyumba za Athene bila makelele: mtoto huchukuliwa, akazungushwa moto, ikajulikana kwamba ni wa nyumba hii.

Lakini Riordan ni mwalimu, naye ajua kwamba ahadi ya siku ya sherehe yahitaji kufuatiliwa. Katika kitabu kingine, The House of Hades, cha mwaka 2013, twamkuta Calypso angali kisiwani kwake. Miungu iliahidi, kisha ikasahau. Wasomaji wazima watalielewa jambo hilo kwa urahisi.

7. JE, YAFAA KUSOMWA?

Sasa tulijibu swali la mwanzo. Majina ya miungu hii yamo katika Biblia zetu. Katika Matendo 14 watu wa Listra walidhani Barnaba ni Zeu na Paulo ni Herme, wakataka kuwatolea sadaka, nao mitume wakararua mavazi yao kwa uchungu. Katika Matendo 17 Paulo, akisimama mbele ya watu wa Athene, alitumia maneno ya washairi wao. Na katika Matendo 28 meli iliyomchukua kutoka Malta ilikuwa na alama ya mapacha, wana wa Zeus. Basi Paulo alijua hadithi hizi, hakuziogopa, wala hakuziabudu.

Riordan naye hamwiti msomaji kuiabudu miungu hiyo. Kinyume chake, aionyesha kuwa na kiburi, wivu na usahaulifu, na watoto wake ndio wanaoifundisha adabu. Kijana wa miaka 11 au zaidi, aliyezoea kutofautisha hadithi na imani, aweza kusoma bila madhara. Zipo kasoro. Mapigano ni mengi kupita kiasi, na mzaha mara nyingine waingia mahali palipostahili kimya. Kwa watoto wadogo vifo vya marafiki, kama kile cha Beckendorf karibu na mwanzo wa kitabu, vyaweza kuwa vizito. Shauri letu ni kwamba mkubwa mmoja asome pamoja na mtoto, kisha wazungumze.

8. TWAJIFUNZA NINI?

Katika kazi ya kufundisha tuliona mara nyingi fomu ya shule yenye mstari mtupu mahali pa jina la baba. Tuliona pia watoto ambao siku ya wazazi waliutazama mlango tangu asubuhi hadi wageni walipotawanyika. Baadhi yao walikuwa wakorofi, na walimu wakaandika neno hilo katika ripoti. Ni wachache waliowauliza wanamngoja nani.

Kumtambua mtoto si kulipa karo tu, ingawa karo ni lazima. Ni kumwita mwanangu mbele ya watu, kwenda shuleni kwake, kumpa jina na mahali pa kukaa, na kumweleza ukweli kuhusu yale yaliyopita kabla hajausikia kwa mtu mwenye nia mbaya. Kama baba ameshindwa au hayupo, babu, mjomba, shangazi, mwalimu na mama wa kambo waweza kumshikia mtoto huyo nafasi. Percy mwenyewe alipata baba wa kambo mwema mwishoni, mwalimu aitwaye Paul Blofis, ambaye siku ya vita alikuja kupigana kando yake.

Tena tukumbuke kwamba mtoto aliyekosa nafasi kwetu hatakaa bila nafasi. Yupo Kronos wa kila mtaa, mwenye maneno matamu, awangojaye wale wasioitwa na mtu. Tukichelewa, yeye hachelewi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Percy na Luke waliachwa wote wawili na baba zao. Ni mambo gani yaliyowatenganisha? Je, yote yalikuwa katika uwezo wao?

2. Hermes alimpenda Luke, lakini alikaa kimya. Ni nyakati gani ukimya wa mzazi humdhuru mtoto?

3. Kwa nini Percy aliutuma mtungi wa Tumaini kwa Hestia, wala si kwa mungu mwenye silaha?

4. Miungu iliapa, kisha ikamsahau Calypso. Ni ahadi gani tuliyowapa watoto wetu ambayo bado haijatimizwa?

5. Je, yupo mtoto katika mtaa wetu ambaye hakuna amtajaye kuwa wake? Kikundi chenu chaweza kumfanyia nini kabla ya mwezi huu kwisha?

Katika swali la tano msiridhike na majibu ya jumla. Kubalianeni ni nani atakayekwenda, na ni siku gani.